Uso Kwanza, Mlima Baadaye: Kwa Anayeanza Kupiga Picha za Watu Nje, Kasese

Kasese jua halifiki utosini saa sita mchana. Linafika saa saba. Uganda inafuata saa ya Afrika Mashariki, ile ile ya Mombasa na Dar es Salaam, lakini Kasese iko mbali magharibi, karibu na nyuzi 30 za longitudo, na saa hiyo imepimiwa nyuzi 45. Jua huchukua saa nzima kuvuka tofauti hiyo. Ndiyo maana huku kunapambazuka kwa kuchelewa: jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Kijana aliyenunua kamera yake ya kwanza, au aliyeamua kuitumia simu yake kwa kazi ya maana, akilishika jambo hili ameshaziokoa picha nyingi kabla hajagusa kitufe chochote.

Ushauri mwingi tunaousoma kuhusu picha za nje umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la alasiri hutembea pembeni kwa muda mrefu, likiwaka kwa upole hadi jioni. Sisi tuko kwenye Ikweta. Mstari wenyewe unapita Kikorongo, kwenye barabara ya Kasese kwenda Mbarara, na watalii husimama pale kila siku kupigwa picha. Hapa jua linapanda wima na kushuka wima, kiasi cha nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa moja, saa tatu limeshafika nyuzi 30, na saa nne liko nusu ya safari ya kwenda juu. Ule mwanga laini wa asubuhi unaosifiwa kila mahali kwetu ni mfupi sana. Ukipatana na mtu mkutane saa tatu, naye akaja saa nne kasorobo kwa sababu boda boda ilichelewa, umeshapoteza mwanga uliokuwa unautaka. Patana naye saa moja na nusu.

Bwesumbu nayo ina saa yake juu ya hiyo. Gombolola hii iko kwenye mteremko wa mashariki wa Rwenzori, kwa hiyo asubuhi jua hutoka upande wa bondeni na kuupiga mteremko moja kwa moja, bila kizuizi. Ukitaka mwanga wenye joto, wenye rangi ya asali, unaoonyesha kila mkunjo wa uso wa mzee, huo ndio wakati wake. Jioni ni kinyume. Mlima uko magharibi, na jua huingia nyuma ya matuta yake mapema, kabla ya kuzama kwake halisi. Wanaoanza huliona jambo hili kama hasara. Mimi naliona kama zawadi kubwa ya kuishi pale. Jua likishaingia nyuma ya tuta, mteremko wote unakuwa kivulini huku anga juu bado likiwa jeupe. Mwanga unatoka kila upande wa anga, hauna makali, hakuna anayekunja uso, na macho yanafunguka. Unaweza kumweka mtu popote: mlangoni, kwenye njia ya shambani, penye ngazi za kanisa. Bwera hali ni tofauti kidogo. Iko kusini mwa milima, karibu na mpaka wa Kongo, na magharibi yake kumefunguka zaidi kuelekea Kasindi, kwa hiyo jua la jioni hukaa zaidi, kutegemea kilima ulichosimama. Tembea mtaani kwako jioni moja bila kamera uangalie jua linajificha nyuma ya nini, na saa ngapi. Liandike. Hiyo ni elimu ambayo hakuna wa nje anayeweza kukupa.

Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella, mmoja wa wapiga picha wa milima walioheshimiwa kuliko wote wa zama zake, alipanda Rwenzori pamoja na msafara wa Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, kupitia bonde la mto Mubuku, humu humu wilayani. Tarehe 18 Juni mwaka huo msafara ulifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Adui mkubwa wa Sella alikuwa mawingu. Rwenzori hujifunika muda mwingi wa mwaka, na mtu anayetaka kilele hana budi kungoja ukungu ufunguke. Wewe unayepiga watu ungoje kinyume chake. Wingu lile lililomtesa Sella ndilo rafiki yako. Linalichukua jua kali na kulitandaza anga zima, likawa taa moja kubwa nyeupe. Siku ya mawingu wengi hufunga kamera wakisema leo hakuna jua. Hiyo ndiyo siku ya kutoka, na hata saa saba mchana inatumika.

Siku ya jua kali ni jambo jingine. Kuanzia saa tano hadi saa tisa jua liko juu ya kichwa. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba linapita utosini kabisa, na hata mwezi wa Juni au Desemba, linapokuwa limeinama zaidi kuliko wakati wowote, bado hufika zaidi ya nyuzi 66 kwenda juu. Mwanga wa namna hiyo unashuka kwenye paji la uso na kuliunguza, unaiangaza ncha ya pua, halafu unayaacha macho yakiwa mashimo mawili meusi. Hakuna kamera ya bei yoyote inayoweza kuurekebisha uso huo. Dawa ni kumtoa mtu juani, lakini si kila kivuli kinafaa.

Kivuli cha chini ya mwembe kinadanganya. Majani yana nafasi, na jua linapenya katika nafasi hizo na kumwaga madoa madoa kwenye uso. Jicho lako limezoea na haliyaoni, kamera inayaona yote. Kivuli cha ndani ya migomba kina tatizo lake: mwanga uliopita kwenye majani mabichi unafika usoni ukiwa na ukijani, na ngozi ya mtu inaonekana kama ya mgonjwa. Sogea naye hadi ukingoni mwa shamba, migomba ikiwa nyuma yake na uwanja ukiwa mbele. Kivuli bora kuliko vyote ni cha baraza. Mtu akikaa hatua moja ndani ya paa la mabati, akiangalia nje uwanjani, mwanga wa anga unamjia usoni moja kwa moja, na nyuma yake kuna giza la mlango. Kila nyumba ina baraza au angalau ukingo wa paa. Watu wanasafiri hadi Fort Portal kutafuta studio, wakati studio ipo mlangoni kwao.

Sasa nikuonyeshe kwa karibu jambo ambalo ndilo kiini cha kazi hii. Chukua mama aliyeketi akichambua kahawa mbele ya nyumba, saa nne asubuhi. Kahawa imeanikwa kwenye turubai la bluu, jua limeshapanda, na yeye ameinamisha kichwa. Anayeanza humpiga hapo hapo alipo, akapata paji jeupe na kidevu chenye rangi ya bluu. Bluu hiyo imetoka kwenye turubai: jua limeligonga na kurusha rangi yake juu, chini ya kidevu na puani. Mwombe asogee na ungo wake hadi kivulini mwa baraza, mbali na turubai. Akishaketi, usipige bado. Simama mbele yake utazame macho yake tu. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea uwanjani, kisha arudi polepole upande wa ukuta. Utaona kuna pembe ambapo macho yamekufa, hayana kitu ndani. Ataendelea kugeuka, na ghafla kila jicho litashika kitone cheupe, ambacho ni anga lililoingia kwenye mboni. Hapo mwambie asimamishe kichwa. Tazama sasa mashavu: moja litakuwa limeng'aa zaidi, jingine limeingia kivulini kwa upole, na kati yao pua imepata umbo. Ukipenda uso uwe wazi zaidi, mgeuze kidogo tena kuelekea nje. Ukipenda uwe na uzito, kama wa mtu anayewaza, mrudishe kidogo ndani. Ndipo upige.

Zoezi hilo halihitaji hata kamera. Nyoosha ngumi yako mbele yako ukiwa njiani na uizungushe. Tazama kivuli kinavyotembea kwenye vifundo vya vidole. Ukifika mahali ambapo ngumi inapendeza, uso nao utapendeza hapo.

Upande wa uso ulioingia gizani sana unaweza kuusaidia bila kununua chochote. Shuka jeupe, au gunia jeupe la unga lililochanwa na kufunguliwa, likishikwa na mtoto upande wa kivuli, hatua moja kutoka usoni, hurudisha mwanga laini mahali palipo giza. Ukuta uliopakwa chokaa unafanya kazi hiyo hiyo, na udongo wetu mwekundu pia hurudisha mwanga wenye joto kutoka chini. Bati jipya usilitumie. Linarusha mwanga mkali kama wa jua lenyewe, na mtu atakunja uso.

Tukija kwenye kamera, kuna jambo ambalo kila mpiga picha wa Kiafrika anapaswa kulielewa vizuri, kwa sababu linahusu ngozi zetu. Kamera na simu hupima mwanga wa eneo lote na kujaribu kulifanya lote liwe la wastani, si jeupe wala si jeusi. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya anga jeupe la Bwesumbu, kamera inaliona anga, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli kisicho na macho. Ukimsogelea mpaka uso wake ukajaa picha, kamera inafanya kinyume: inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi nzuri ya kahawia inageuka kijivujivu, imepauka. Kwa hiyo usiiachie iamue. Kwenye simu nyingi, gusa uso kwenye kioo. Itatokea alama ya jua au mstari pembeni. Uvute juu au chini mpaka ngozi ionekane jinsi unavyoiona kwa macho. Gusa na ushikilie kwa muda ili simu ifunge kipimo hicho kisibadilike. Kwenye kamera, tafuta alama ya kujumlisha na kutoa: jumlisha mtu akiwa mbele ya anga au ukuta mweupe, toa kidogo uso ukijaa picha.

Na anga je? Liache liungue. Vijana wengi wanataka vyote kwa pamoja, uso, anga la bluu na kilele cha theluji nyuma, na mwishowe hawapati hata kimoja. Picha ya mtu ikiwa na uso uliopimwa sawasawa na anga jeupe tupu, ni picha nzuri. Picha yenye anga zuri na uso mweusi bila sura inafutwa. Ukiutaka mlima nao uonekane, piga asubuhi, wakati jua limeangaza uso na mlima kwa pamoja, mtu akiwa ameupa mlima mgongo.

Uzito wa suala hili la ngozi una historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake wa kwanza kupigwa. Rangi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi. Weusi walitoka meno na macho tu. Kampuni ilianza kuboresha rangi za kahawia pale wenye viwanda vya chokoleti na samani za mbao walipolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye picha. Juzi juzi tu, mwaka 2021, Google ilitangaza simu iliyotengenezwa kwa kuzingatia ngozi nyeusi. Kwa hiyo uso wa mama yako ukitoka vibaya, usidhani kasoro ni ya ngozi yake, na tafadhali usikimbilie programu ya kulainisha na kung'arisha. Naomba hili kwa dhati: usimfanye mtu mweupe. Studio nyingi hufanya hivyo bila hata kuulizwa, zikidhani zinampendeza mteja. Mtoto atakayeiangalia picha ya bibi yake miaka thelathini ijayo ana haki ya kuiona rangi yake. Mng'ao wa mafuta kwenye shavu nao uache, unaipa ngozi nyeusi umbo lake. Jasho la paji la uso ndilo la kufuta kwa leso.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Simu ya kawaida inatosha kuanzia, ukiifuta lenzi kwa kitambaa safi cha pamba kila unapoitoa mfukoni. Vumbi na mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha ule ukungu unaoonekana kwenye picha nyingi. Usimsogelee mtu kwa lenzi pana ya simu, maana pua itakuwa kubwa na masikio yatarudi nyuma. Rudi hatua mbili au tatu, kisha tumia lenzi ya pili inayovuta mara mbili kama simu yako inayo. Kama haina, piga kutoka mbali kidogo na ukate kingo baadaye. Hali ya kufifisha nyuma hukosea kwenye kilemba, kwenye nywele zilizosukwa na kwenye ukingo wa kofia. Afadhali kumtenga mtu na ukuta kwa hatua kadhaa, nyuma kutafifia kwenyewe. Mwenye kamera inayobadilishwa lenzi anunue ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 kabla ya lenzi nyingine yoyote. Ni ndogo, ni ya bei nafuu kuliko nyingi, na hata iliyotumika inafanya kazi nzuri. Aweke tundu kati ya 2.8 na 4, shata isishuke chini ya sehemu moja ya 200 ya sekunde, na alenge jicho lililo karibu naye.

Mteremko wetu unahitaji uangalifu ambao mtu wa nchi tambarare hauhitaji. Ukimsimamisha mtu juu nawe ukasimama chini, unapiga matundu ya pua. Ukisimama juu yake, unamfanya mfupi, na nyuma yake kunabaki ardhi tu. Simameni wote kwenye mstari mmoja wa mteremko, kama mnatembea kuuzunguka mlima badala ya kuupanda, na kamera iwe kimo cha macho yake. Kwa mtoto, piga magoti. Kisha, kabla ya kupiga, tazama kilicho nyuma ya kichwa: nguzo ya umeme inayoota utosini, kamba ya nguo, mstari wa tuta unaokata shingo. Hatua moja kushoto au kulia inaviondoa vyote. Vijana wengi hawaipigi hatua hiyo kwa sababu wanatazama tabasamu. Nasisitiza: tazama nyuma kwanza, tabasamu litangoja.

Kuna wanaotaka kitambaa nyuma, na hilo ni jambo jema lenye asili tukufu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu uani kwake, kwa mwanga wa mchana, mbele ya shuka la kitanda lenye maua. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, aghalabu alimpiga mteja picha moja tu. Watu walikuja na nguo zao bora, na yeye aliwapanga mikono, vichwa na mabega mpaka wakawa kama walivyotaka kuonekana. Hapa kwetu magharibi mwa Uganda, Musa Katuramu wa Ankole alikuwa akiwapiga watu wa kwao kuanzia miaka ya 1930. Hao ndio walimu wetu. Kwenye soko la Mpondwe vitenge vimejaa. Chagua kimoja chenye maua madogo au cha rangi moja tulivu, kitundike kwenye ukuta ulio kivulini, kinyooshe vizuri. Kama mteja amevaa gomesi yenye maua makubwa, kitambaa cha nyuma kisiwe na maua hata kidogo.

Nataka kukaa zaidi kwenye suala la mtu mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wanaoanza huharibu hata wakiwa na mwanga mzuri. Msalimie kwanza, na usalimie kwa kukaa, si kwa kupita. Ukimkuta mzee, mwite mzee, mwulize habari za nyumbani na za shamba, na kamera ibaki begani. Mweleze unataka nini na picha itakwenda wapi. Akikataa, mshukuru na uendelee na mazungumzo vile vile, usionyeshe uso wa kukata tamaa. Akikubali, atasimama wima, mikono ubavuni, uso umekazwa. Wanaoanza huona huko ni kujikaza na wanaanza kumchekesha. Usifanye hivyo. Mzee amejipanga kwa heshima, jinsi alivyopigwa tangu ujana wake, na picha ile ni yake kwa haki. Ipige ya kwanza, na uipige vizuri. Mwonyeshe. Halafu mwombe akae, mpe kitu cha kushika: fimbo yake, mjukuu, kofia. Mikono ikipata kazi, mabega yanashuka yenyewe. Mwulize jambo analolijua kuliko wewe: kahawa ilivyokuwa miaka ile, mgodi wa shaba wa Kilembe ulipokuwa ukifanya kazi, mto ulipopita zamani. Atajibu kwa uso wake wote, na atakapomaliza kujibu kutakuwa na sekunde mbili za ukimya ambapo bado yuko ndani ya alichokisema. Kidole chako kiwe tayari kwa sekunde hizo. Tabasamu la kuamrishwa halifiki machoni, na usilidai kwa mtu ambaye hakuletwa na furaha.

Watoto hawana haja ya kupangwa. Wape kazi ya kushika shuka jeupe kwa zamu, na utapata wanaongoja zamu yao wakiwa wametulia. Ila usipige mtoto wa mtu bila mzazi au mlezi wake kuridhia. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na hata isingekuwepo sheria, heshima ingetosha. Ukiwa Mpondwe, ambako soko na mpaka vimekaa bega kwa bega, geuza lenzi mbali na daraja, forodha na askari. Eneo hilo limeumizwa sana. Mwezi Juni 2023 wanafunzi wengi waliuawa katika shule ya Lhubiriha, na watu wana sababu ya kumtilia shaka mgeni mwenye kamera. Mpeleke mteja wako mbali, uani kwa mtu anayekufahamu, mpige huko kwa utulivu.

Kwenye kurekebisha picha nashauri mkono mwepesi. Nyanyua kidogo mwanga wa vivuli, rekebisha rangi kama kuna ukijani wa migomba uliobaki, kata kingo, basi. Ikikuchukua zaidi ya dakika tano kwa picha moja, rudi ukaipige upya kesho asubuhi.

Kama unataka mazoezi ya kweli, chagua mtu mmoja mvumilivu, ndugu yako au rafiki, na mahali pamoja, tuseme baraza la nyumbani. Mpige saa moja na nusu asubuhi, saa saba mchana, na jioni baada ya jua kuingia nyuma ya tuta, akiwa amekaa kiti kile kile. Ziweke picha tatu pamoja na uzitazame macho tu. Rudia siku ya mawingu. Kisha mhamishie ukingoni mwa migomba na uanze tena. Wiki kadhaa za namna hii zitakufundisha kuliko kubadilisha kamera.

Na picha zichapishe. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa na kila kilichomo. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulipofurika, nyumba za Kilembe zilikwenda na maji, na picha za familia nazo zikaenda. Kwa hiyo kila picha nzuri itoe nakala mbili, moja kwa mwenye uso na nyingine ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa mtoto aliye mjini. Nyuma yake andika kwa penseli laini, maana wino hupenya na kutokea mbele. Usiandike Masika au Baluku peke yake. Sisi Wakonzo tunaitwa kwa zamu ya kuzaliwa, na kila nyumba ina binti wa kwanza na mwana wa kwanza. Baada ya miaka michache hakuna atakayejua ni Masika yupi. Andika jina lake lote, jina la baba au mama yake, kijiji, mwezi na mwaka, na aliyempiga. Kisha mpelekee mwenyewe mkononi, nyumbani kwake, hata kama hakukulipa.